Mashindano ya mitumbwi Ziwa Nyasa: Kwa nini ukaguzi uje kabla ya kombe

Kila panapozungumzwa utalii wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wazo moja halikosi kutajwa: tuanzishe mashindano makubwa ya mitumbwi. Hoja yake inaeleweka. Matema ina mchanga mzuri na Milima ya Livingstone nyuma yake, na Kyela haina upungufu wa watu waliojifunza kupiga kafi kabla ya kujua kusoma. Akipatikana mfadhili, likawekwa jukwaa na kununuliwa kombe, wengi wanaona kazi imekwisha.

Sisi tunaliunga mkono wazo hilo, ila tunadhani faida yake kubwa haijasemwa vya kutosha. Mitumbwi mingi inayofanya kazi kwenye mwambao huu ni ya zamani. Imerithiwa, imeuzwa mara mbili au tatu, imepigwa viraka. Mara nyingi anayeamua kama bado inafaa kubeba watu ni mwenye chombo peke yake, asubuhi, akiwa na haraka ya kwenda kwenye nyavu au sokoni. Mashindano yakipangwa vizuri yanaweza kuwa siku ambayo macho ya watu wengine, hasa mafundi, yanapita juu ya kila mtumbwi. Yakipangwa vibaya yatakuwa shamrashamra ya saa 2 inayowasukuma vijana majini na vyombo vibovu mbele ya kamera.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kanuni za mashindano. Katika makala hii tunaeleza jinsi mtumbwi wa zamani unavyochakaa, jinsi unavyoweza kutunzwa na kuboreshwa, na wenzetu wa Lamu, Zanzibar na Mwanza wana nini cha kutufundisha kabla hatujapiga filimbi ya kwanza.

Chombo ambacho bado ni barabara

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 560, na kina chake kinafika takriban mita 700. Ncha yake ya kaskazini iko Kyela. Magharibi mwa wilaya ni tambarare ya mpunga na kakao, ambako mito kama Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji na mchanga ziwani. Mashariki, kuanzia Matema, Milima ya Livingstone inashuka hadi majini bila kuacha nafasi kubwa ya kupitisha barabara.

Ndiyo maana kwa vizazi vingi mtu anayetoka Matema kwenda Ikombe, au kuendelea hadi Lumbila na vijiji vingine vya mwambao wa Ludewa, amekuwa na njia mbili tu: kutembea juu ya mawe au kupita majini. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanaofinyanga vyungu huvileta kwa mtumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, pale Matema. Chungu hakipendi kubebwa kichwani kilomita nyingi kwenye njia ya mawe. Kinapenda kukaa chini, kikiwa kimezungushiwa majani, ndani ya chombo kinachokwenda taratibu.

Meli zipo. MV Mbeya II, iliyoundwa hapa hapa Kyela, ina uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma zinabeba tani 1,000 kila moja. Lakini meli hutua bandarini, na kwa ratiba yake. Mgonjwa wa usiku, mvuvi wa usipa, mwanafunzi na mama mwenye vyungu vyake kumi hawawezi kusubiri ratiba. Kwao chombo cha kila siku ni mtumbwi.

Tena ni mtumbwi kwenye maji yasiyo ya mchezo. Upepo wa mwera huvuma kutoka kusini-mashariki, hasa kati ya Mei na Agosti. Kwa kuwa ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, mawimbi hupata mamia ya kilomita ya kukua kabla ya kufika kwetu. Mtu wa Mbamba Bay huyaona yakipita, wa Matema huyapokea. Chombo chenye ufa unaovumilika ziwa likiwa shwari hakina nafasi ya kuvumiliwa siku hiyo.

Jua linaua mtumbwi kuliko maji

Watu wengi hudhani adui wa mtumbwi ni maji. Kwa mtumbwi wa gogo, adui wa kwanza ni jua.

Mti uliochongwa haukauki sawasawa. Ncha zake, mbele na nyuma, hupoteza unyevu haraka kuliko katikati, kwa sababu huko ndiko vinyweleo vya mti vimekatwa vikabaki wazi. Mtumbwi ukiachwa mchangani juani kwa wiki kadhaa, ncha husinyaa wakati katikati bado imevimba, na ufa huanza. Ukirudishwa majini, ufa huo unaweza kujifunga kwa macho, lakini mbao haijaungana tena. Ukipigwa na wimbi, hufunguka pale pale.

Kuuacha majini muda wote nako si dawa. Mti hunywa maji na kuwa mzito, na sehemu inayooza haraka ni ule mstari ambako maji na hewa hukutana kwa zamu. Chini kabisa, palipozama daima, mbao huweza kudumu. Kilicho juu kabisa, kikavu, hudumu pia. Katikati ndiko ukungu unakula.

Kwa hiyo utunzaji wa msingi hauna gharama kubwa: kivuli. Banda la nyasi au makuti, au hata matawi juu ya chombo kilichopumzishwa, na kitambaa chenye unyevu kwenye ncha zake, vinaongeza umri wa mtumbwi kuliko kiraka chochote. La pili ni kutouburuta. Kila asubuhi na jioni mtumbwi unapokokotwa mchangani, sakafu yake inasuguliwa. Baada ya miaka, unene uliokuwa wa vidole vitatu unabaki kimoja, na mwenye chombo hajui kwa sababu hauoni kwa chini. Vigogo vitatu vya mviringo vya kuuviringishia vinamaliza tatizo hilo.

La tatu ni kiraka chenyewe. Njia iliyozoeleka ni kipande cha bati, misumari na lami. Kwa dharura kinafaa. Kikiachwa kuwa cha kudumu, mchanga na maji hujificha nyuma ya bati, mbao inaoza bila kuonekana, na misumari ya kawaida inashika kutu na kupanua matundu yake. Fundi makini hukwangua kwanza hadi kwenye mbao nzima, huujaza ufa kwa pamba au nyuzi zilizolowekwa lami, ndipo anafunika, na hutumia misumari iliyopakwa zinki.

Kipimo cha kuujua mtumbwi mgonjwa ni cha kisu na sikio. Choma mbao kwa ncha ya kisu kwenye mstari wa maji na pembeni mwa kila kiraka. Ikiingia kirahisi, mbao imekwisha. Gonga sakafu kwa kinyundo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti butu. Kazi hii ni ya nusu saa, na mafundi wa mwambao wanaijua. Kinachokosekana ni tukio linalomfanya kila mwenye chombo aifanye.

Wenzetu wa pwani wana desturi ya kuchoma kidogo upande wa chini wa chombo kwa makuti na kukipaka mchanganyiko wa chokaa na mafuta, unaoitwa deheni. Wanafanya hivyo kwa sababu baharini kuna mdudu anayetoboa mbao kwa ndani hadi chombo kinakuwa kama sega la nyuki. Mdudu huyo ni wa maji ya chumvi. Ziwa Nyasa halina. Hiyo ni bahati yetu: mtumbwi wa ziwani ukilindwa dhidi ya jua, msuguano na uozo, umeshinda zaidi ya nusu ya vita.

Kuboresha: si kila kitu kipya kinafaa chombo cha zamani

Suala la kuboresha lina majaribu mengi, hasa sasa ambapo boti za faiba na injini za kupachika zimekuwa sehemu ya mazungumzo ya uchumi wa buluu. Tuyatazame manne.

La kwanza ni kuinua kingo. Mtumbwi wa gogo ulio mfupi kwa kimo unaweza kuongezwa ubao mmoja kila upande. Hii inazuia mawimbi madogo kuingia, na ni maboresho ya bei nafuu. Hatari yake ni ya kibinadamu: kingo zikipanda, mwenye chombo huongeza mzigo. Ubao umewekwa ili pawe na nafasi kati ya maji na ukingo. Nafasi hiyo ikijazwa magunia, chombo kimekuwa hatari kuliko kilivyokuwa.

La pili ni kufunika mtumbwi kwa faiba. Linavutia, kwa sababu linaonekana kama kuupa mzee ngozi mpya. Tatizo ni kwamba gundi ya faiba hushika vizuri kwenye mbao kavu, na mtumbwi ulioishi majini miaka 20 haukauki hadi ndani. Unyevu ukifungiwa chini ya faiba, mbao inaendelea kuoza ikiwa imefichwa, na ngozi hiyo huachia vipande vipande. Faiba inafaa kwa boti iliyobuniwa kwa faiba, au kwa mbao mpya zilizokaushwa ipasavyo.

La tatu ni injini. Mtumbwi wa gogo haukuchongwa ili kitu kizito kinachotetemeka kipachikwe nyuma yake. Mtetemo hufungua nyufa na viraka, uzito unazamisha nyuma, na kasi inaufanya mwili wa mviringo uyumbe. Kisha kuna mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na wilaya zilizo mbali na bandari za kushushia mafuta, kama Kyela, hulipa zaidi kwa sababu ya usafiri. Kwa boti kubwa ya mbao inayobeba abiria, injini ina hesabu yake. Kwa mtumbwi wa mtu mmoja au wawili, inaweza kula samaki wote waliovuliwa.

La nne, na hapa ndipo tunadhani mjadala haujaanza, ni tanga. Wavuvi wengi wa Kyela hutegemea kafi, lakini tanga si geni kwenye ziwa hili. Katika karne ya 19 majahazi yaliyoundwa kwa mtindo wa pwani yalivusha watumwa na pembe za ndovu kutoka Nkhotakota, ngome ya akina Jumbe, kuja mwambao wa mashariki. Ni historia chungu, lakini inathibitisha kwamba upepo wa ziwa hili ulikwisha kutumika. Miaka ya karibu zaidi, upande wa Malawi kumekuwa na mbio ndefu za mashua za tanga za siku kadhaa kutoka eneo la Mangochi kuelekea kaskazini.

Kwa nini basi usichukue turubai, ukasimamisha mti na kwenda? Kwa sababu mtumbwi wa gogo ni mwembamba, wa mviringo chini, na hauna mkuku. Upepo ukisukuma tanga kwa ubavuni, hakuna kinachouzuia kupinduka wala kuteleza pembeni. Watu wa pwani walilitatua hilo kwa ngalawa: gogo lile lile, likiongezwa matengo, yaani mbao mbili zinazoelea kila upande kwa kushikiliwa na miti ya kukingama. Matengo yanaugeuza mtumbwi mwembamba kuwa chombo kipana bila kuongeza gogo. Huo ni uboreshaji ambao fundi wa Matema au Ikombe anaweza kuujaribu kwa miti na kamba, na ukishindikana akauondoa bila kuharibu mtumbwi. Ujaribiwe karibu na ufukwe, wakati wa utulivu, kila mtu akiwa amevaa jaketi okozi.

Lamu, Zanzibar na Mwanza wanasema nini

Lamu, mji wa kale uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa mashindano kutunza chombo. Mbio za majahazi hufanyika wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu, na mwanzoni mwa mwaka pale Shela. Mashua zinazoshindana ni zile zile zinazofanya kazi: kubeba mchanga, kuvua, kusafirisha watu. Kabla ya mbio zinapandishwa ufukweni, zinakwanguliwa, zinakalafatiwa na kupakwa mafuta, na matanga yanashonwa upya. Kazi ambayo mwenye chombo angeiahirisha miezi sita inafanyika kwa wiki mbili kwa sababu jina la nahodha na la kijiji viko hatarini. Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi, kinapata wateja, na vijana wanamwona fundi akifanya kazi.

Zanzibar nako tamasha la ZIFF, linalojiita la nchi za jahazi tangu lilipoanza mwaka 1998, limeweka mbio za majahazi katika sherehe zake. Lakini Zanzibar inatupa pia funzo la upande wa pili. Mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari, ulipoteza kazi yake na kutoweka katika karne ya 20. Mwaka 2003 mfano wake ulijengwa upya na kuwekwa katika jumba la Beit el-Ajaib. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Makumbusho ni jambo jema, lakini chombo kilichobaki makumbusho peke yake hakina nahodha wala fundi wa kukiangalia kila wiki.

Hata ziwani kwetu tunaona hivyo. Upande wa Malawi, MV Chauncy Maples iliyoanza safari mwaka 1901 iliendelea kuishi kwa kubadilishwa: mwaka 1967 ilitolewa injini ya mvuke ikawekwa ya dizeli. Ilipokosa kazi, mpango wa kuigeuza kliniki ya majini haukufika mwisho. Chombo cha zamani hudumu kikiwa na kazi na watu wanaokidai.

Mwanza inatupa funzo la tatu. Kwa miaka kadhaa Ziwa Victoria lilikuwa na mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyobeba jina la bia ya mfadhili, yakiwa na ngazi za maeneo kama Ukerewe, Musoma na Bukoba, hata Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kisha fainali Mwanza. Yalikuwa na timu za wanaume na za wanawake, na umati ulijaa ufukweni. Kwa burudani na ushirikishwaji, ni mfano mzuri. Lakini mashindano yanayobeba jina la bidhaa hufuata bajeti ya bidhaa. Mwambao unaotaka kutunza vyombo vyake unahitaji mashindano ambayo hata mfadhili asipokuja, kijiji kinaweza kuyaendesha kwa mbuzi wawili na gunia la mchele wa Kyela.

Kanuni ndiyo inayounda mtumbwi

Popote palipo na mashindano ya vyombo, chombo hufuata kanuni. Ukisema mshindi ni anayefika kwanza na basi, baada ya miaka mitatu utakuwa na mitumbwi miwili au mitatu mipya, myembamba na myepesi, iliyochongwa kwa ajili ya siku hiyo na wenye fedha, isiyofaa kubeba hata debe la usipa. Mitumbwi ya kazi itabaki ufukweni kutazama, na miti mikubwa mingine itakuwa imekatwa. Miti yenye shina la kutosha kutoa mtumbwi inazidi kuwa adimu, na kukata bila kibali ni kosa. Mashindano yasiwe sababu mpya ya kwenda na shoka mlimani.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tano.

Kwanza, mtumbwi unaoingia mashindanoni uwe umefanya kazi kwa miaka isiyopungua mitano, na uongozi wa kijiji au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, uthibitishe. Kanuni hii peke yake inafanya chombo cha zamani kiwe na thamani.

Pili, ukaguzi ufanyike mara mbili. Wa kwanza wiki tatu kabla, mafundi wakiwa na kisu na kinyundo, wakiandika kila kasoro. Wa pili asubuhi ya siku yenyewe. Atakayekutwa na kasoro katika ukaguzi wa kwanza asifukuzwe, apewe muda wa kurekebisha. Lengo ni mitumbwi mingi itoke kwenye mashindano ikiwa mizima kuliko ilivyoingia.

Tatu, kuwe na mbio ya mzigo. Kila mtumbwi ubebe uzito uleule wa mchanga kwenye magunia, na mstari upakwe ubavuni kuonyesha kina cha mwisho ambacho chombo kinaruhusiwa kuzama. Mstari huo ubaki baada ya mashindano. Siku ya soko abiria akiona umezama, ana haki ya kushuka. Kwa wanawake wa vyungu, mbio yao ipimwe kwa kufika na vyungu vizima, maana ndiyo kazi wanayoifanya kila wiki.

Nne, zawadi zitolewe kwa vifaa: mbao kavu, misumari ya zinki, pamba, lami, turubai, majaketi okozi. Fundi aliyekarabati mtumbwi ulioshinda apewe zawadi sawa na nahodha. Leo fundi wa mitumbwi hana jukwaa. Tukimpa, kijana atamfuata.

Tano, tarehe ichaguliwe kwa kufuata upepo. Kipindi cha mwera mkali kiepukwe, na cha dhoruba za masika pia. Septemba na Oktoba ni miezi ya kuanza kuifikiria, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, isomwe kwa sauti ufukweni asubuhi ile. Ikisema upepo mkali, mbio ziahirishwe hata kama mgeni rasmi amekwisha kaa.

Hoja za wanaopinga

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote, na zinastahili majibu.

Wapo wanaosema mtumbwi wa gogo ni hatari na haufai kuenziwa, bali watu wapewe boti za kisasa. Ni kweli kwamba boti imara yenye injini na nahodha aliyefunzwa ni salama zaidi kwa abiria, na mikopo ya boti ambayo Serikali imekuwa ikitoa kwa wavuvi katika miaka ya karibuni ni hatua ya maana. Lakini mikopo hufuata vikundi na vigezo, na haimfikii kila mtu kwa wakati mmoja. Kati ya leo na siku ambayo kila familia ya mwambao wa Ikombe na Lumbila itakuwa na njia mbadala, kuna safari nyingi mno za mtumbwi. Kuuacha uoze ili watu wauache ni kuwaadhibu wasio na uwezo wa kuuacha.

Wengine wanasema fedha za mashindano zingejenga zahanati au gati. Hapa jibu linategemea gharama. Mashindano ya jukwaa, mahema na wasanii ni ghali, na hoja yao inasimama. Mashindano ya mafundi wanne, visu, lami na mchele hayashindani na zahanati. Pengine yanaipunguzia kazi.

Hoja ya tatu ni kwamba ukaguzi ni kazi ya mamlaka, na TASAC tayari ina jukumu la usalama wa vyombo vya majini, vikiwemo vidogo. Ndivyo ilivyo, na hakuna fundi wa kijiji atakayechukua nafasi ya cheti. Lakini ofisa mmoja hawezi kuwa kila ufukwe kuanzia Songwe hadi Mbamba Bay. Mashindano yakikusanya mitumbwi mahali pamoja siku moja, ofisa huyo anapata nafasi ya kuviona vyombo vingi, kutoa elimu na kusajili bila kufukuzana na mtu. Mwenye mtumbwi naye anakuja kwa hiari, amekisugua chombo chake, anataka kuonekana.

Cha kutazama

Safari ijayo utakaposikia mashindano ya mitumbwi yanatangazwa Kyela, Ludewa au wilaya ya Nyasa, usiulize kwanza zawadi ni shilingi ngapi. Waulize waandaaji mambo matatu. Nani atakagua vyombo, na lini? Mtumbwi wa mvuvi wa kawaida unaruhusiwa, au ni wa kuchongwa upya? Mshindi akiondoka na kombe, fundi wake anaondoka na nini?

Majibu ya maswali hayo yatakuambia kama yanayoandaliwa ni maonyesho au ni huduma. Vijiji vyenye BMU hai vinaweza kuanza bila kusubiri mtu: mafundi wawili, Jumamosi moja ya soko pale Lyulilo wakati mitumbwi imetia nanga, kisu, kinyundo na daftari. Kila mtumbwi uandikwe ulikutwaje. Mwaka unaofuata daftari lile lile lifunguliwe tena. Hapo mashindano yatakuwa yamekwisha kuanza, hata kabla ya mtu kushika kafi.